Kwa Mkono wa Filister

Kehancha,
Jumatatu, 3 Machi 2025

Mpendwa Filister,

Barua hii nimempa Mama Risper, yule anayeleta omena hapa Kehancha kila Jumatatu. Kumbe anatoka Sori kwenu, na boma lenu analijua! Amekubali kuwa posta yetu. Ikikufikia inanuka samaki, si kosa langu.

Najua simu yako ilipasuka kioo. Yangu nayo Baba ameifungia kwenye droo ya duka mpaka, kwa maneno yake, "ujue unataka kuwa mtu gani." Basi tuandikiane, kama tulivyokuwa tukifanya likizo za kidato cha kwanza.

Dirisha la maombi ya vyuo limefunguliwa na litafungwa Ijumaa tarehe 28 mwezi huu. Mwalimu Omanga alipiga simu ya Mama akanisomea orodha yake ya shahada za sanaa za maonyesho. Alikuwa anasoma haraka kama kawaida yake, lakini nimeandika zote.

Ya kwanza ni ile ya Nairobi, ya uigizaji na filamu. Wanafunzi hupanda jukwaani tangu muhula wa kwanza, lakini wanachukuliwa wachache, na kila mwombaji lazima arekodi dakika tano akimwigiza mtu halisi aliyewahi kumjua. Mhusika wa kitabuni hakubaliwi. Ya pili iko upande wa Kisumu: maonyesho pamoja na fasihi, kusoma kwingi, jukwaa kidogo. Ya tatu iko Bonde la Ufa, na Mwalimu anasema jumba lao la maonyesho ni zuri ila mwaka wa kwanza wote ni historia ya tamthilia. Ya nne ni ualimu, na drama ni somo moja tu ndani yake. Hiyo tuiweke mwisho, tukikosa zote.

Tuliapa nyuma ya bweni kule Rangwe, unakumbuka? Chuo kimoja, mpangilio mmoja, chumba kimoja. Mimi bado niko hapo.

Baba bado hajakubali. Jana nilipotaja uigizaji aliacha kupima mbegu akaniangalia. "Uigizaji? Mimi naigiza kila siku hapa, nacheka na wateja nisiowapenda, na hakuna chuo kilichowahi kunipa digrii." Mama alicheka mpaka akashika kaunta. Mimi nilicheka kidogo tu.

Wewe utamwigiza nani? Usiniambie hujui. Yule aliyecheza mama mkwe kwenye tamasha la Homa Bay, mpaka jaji akauliza kwa nini tumemleta mzazi jukwaani, hawezi kukosa mtu.

Rafiki yako,
Joyline Nyasuguta


Sori,
Jumapili, 9 Machi 2025

Mpendwa Joyline,

Barua ilinuka, naam, na paka wetu aliifuata mpaka mezani.

Nakubaliana na orodha. Nairobi kwanza. Nimefikiria sana ile ya Kisumu kwa sababu iko karibu na nyumbani, lakini kila nikijiona humo najiona nimeketi na kitabu, na mimi nataka kusimama. Mama anauliza nitakula nini Nairobi. Baba anauliza digrii hiyo inafanya kazi ofisi gani. Nimemwambia haifanyi kazi ofisini. Akasema, "Hilo ndilo nililohofia."

Mtu wa kuigiza nimempata. Ni Dani, bibi yangu. Ulimwona siku ya wazazi, alipotuletea samaki aina ya ngege, wa kukaanga, kwenye kikapu na kukuita "mtoto wa Mayaka" badala ya jina lako. Alikufa Novemba tukiwa katikati ya mtihani. Walimzika na hawakuniambia mpaka nilipofika nyumbani na sanduku langu, nikamkuta amekuwa udongo mpya kando ya nyumba. Kila mtu alikuwa ameshalia. Mimi sikujua nianzie wapi. Labda ndiyo maana nimemchagua. Nataka kuisikia tena sauti yake, hata kama itatoka kwangu.

Nyumba yake bado imesimama na Kwaro, babu yangu Zadock, anaishi humo. Macho yake yamefunikwa na mtoto wa jicho, anaona mwanga tu. Tangu mazishi hali. Anaonja, anasukuma sahani. Baba amemleta daktari mara mbili.

Sasa nikuambie jambo. Alhamisi alasiri nilikuwa jikoni kwa Dani peke yangu, nikijaribu sauti. Nilianza na maneno yake ya kila siku: "Nani ameacha mlango wazi, mnataka kuku walale kitandani?" Sikupaza sauti. Lakini kutoka chumba cha ndani nilimsikia Kwaro akijibu, taratibu, kama mtu aliyekosea: "Ni mimi, Nyar Gwassi. Nisamehe."

Nyar Gwassi, binti wa Gwassi, ndivyo alivyomwita Dani tangu alipomwoa huko. Hakuna mwingine aliyemwita hivyo.

Nilitoka kwa kunyata. Nilipofika nje nikaona mlango wa jikoni kweli ulikuwa wazi, na kuku wawili walikuwa ndani.

Unafikiri nitafute mtu mwingine wa kuigiza?

Rafiki yako,
Filister


Kehancha,
Jumatatu, 10 Machi 2025

Mpendwa Filister,

Usimbadilishe! Nimesoma barua yako mara tatu, ya mwisho nikiwa nimesimama. Kama hata babu yako mwenyewe anaamini, wale wa Nairobi watafanya nini? Wazee huota hata mchana. Huenda alikuwa usingizini akasikia sauti yako ikaingia ndotoni. Babu yangu kule Kisii aliwahi kujibu redio.

Kumbuka njia ya Mwalimu Omanga: kabla hujawa mtu, vaa alivyovaa, keti alipoketi, kisha andika barua kwa jina lake. Mimi ningeanza na nguo. Rinda lake lipo? Na kile kitambaa cha kichwa cha maua? Ukikivaa hata shingo yako itabadilika, utaona. Kisha keti kwenye kiti chake jioni moja, uone mikono yako inataka kwenda wapi.

Mimi nimekwisha jaza maombi yangu, kwenye saiba, lile duka la kompyuta lililo mkabala na stendi ya bodaboda. Nimeweka kama tulivyoapa. Nakungoja wewe tu.

Fanya haraka, siku hazitungoji.

Joyline


Sori,
Jumapili, 16 Machi 2025

Mpendwa Joyline,

Nilifanya ulivyosema.

Nguo za Dani ziko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Bado hazijagawiwa. Kwetu, ukoo huketi siku moja, nguo za marehemu hutolewa na kila jamaa hupewa yake, na kabla ya hapo hakuna anayezivaa. Hilo nalijua tangu utotoni. Lakini nilijiambia kwamba hii ni kama kazi ya shule. Jumanne nilitoa rinda la buluu na kile kitambaa, nikavaa, nikaketi kwenye kiti chake kando ya mlango.

Kwaro akaniita, "Nyar Gwassi, leo hakuna uji?" Nikasema, "Upo, kama utaunywa wote." Nilisema bila kufikiri. Nikampelekea. Akanywa wote, Joyline, akaomba mwingine. Akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu nirudi.

Nilipogeuka, Baba alikuwa amesimama mlangoni. Nilidhani atanipiga kwa sababu ya zile nguo. Alivua kofia. Alikaa hapo na kofia mkononi kama mtu aliyeingia kanisani amechelewa. Baadaye, nje, aliniambia, "Endelea. Mzee amekula. Nairobi inaweza kungoja."

Sasa ni kila alasiri. Mama hupika, hunipa sahani, na nikiwa nimevaa rinda lile haniangalii usoni. Nikilivua ananiangalia sana.

Mengine ni haya, na sijamwandikia mtu mwingine. Ijumaa Kwaro aliuliza, "Yule mtoto wetu wa kwanza, aliyekaa siku mbili. Ulimpa jina?" Sikuwahi kusikia kuhusu mtoto huyo. Baba alikuwa hapo, naye hakuwahi kusikia. Nilitaka kusema sijui. Mdomo wangu ukasema, "Nilimwita Akoth, kwa sababu alikuja na mvua. Sikukuambia kwa kuwa ulikuwa unalia."

Baba alimpigia simu dada yake Dani aliye Gwassi. Alipomtajia jina hilo, bibi yule alimwambia alirudie. Kisha akauliza, "Nani amewaambia?"

Sijui nilikotoa jina hilo. Nimejitahidi kukumbuka kama niliwahi kulisikia nikiwa mdogo, pengine nikiwa nimelala mapajani mwake. Sikumbuki.

Asubuhi naamka magoti yakiuma. Fomu sijajaza. Nilikwenda mpaka saiba Jumatano, nikaketi mbele ya kompyuta, nikashindwa kukumbuka namba yangu ya mtihani, nami niliijua kama jina langu. Lakini usiwe na wasiwasi, nyakwara, nitajaza.

(Nimeandika nyakwara, yaani mjukuu wangu. Sijui kwa nini. Ningeanza upya lakini sina karatasi nyingine.)

Filister


Kehancha,
Jumatatu, 17 Machi 2025

Filister, rafiki yangu,

Acha. Tafadhali acha leo, barua hii ikiwa bado mkononi mwako.

Nguo hizo zirudi kwenye sanduku. Mimi ndimi niliyekuambia uzivae na sikujua nilichokuwa nikisema. Nilimweleza Mama, nikitumaini atanicheka. Hakucheka. Aliketi juu ya gunia la mbolea akasema, "Mwambie mwenzako kila nguo irudi mahali pake, na aende kwa watu wake wazima awaambie amechoka." Kisha akaomba papo hapo dukani, mteja amesimama anangoja dawa ya mbuzi.

Namba yako ya mtihani ninayo. Tulikaa madawati jirani, yako inafuata yangu. Nimeiandika nyuma ya bahasha. Ukifika saiba, ingiza namba hiyo, mwaka wa mtihani, na namba ya cheti chako cha kuzaliwa. Chagua Nairobi kwanza, kisha Kisumu, kisha Bonde la Ufa, kisha ualimu. Ni nusu saa tu. Rekodi nayo isiwe ya Dani tena. Mwigize mtu yeyote, hata mimi, nipe domo kubwa, sitakasirika.

Zimebaki siku kumi na moja. Babu yako amekula, na ninashukuru. Lakini ukipitwa na tarehe 28 utangoja mwaka mzima, na ninaogopa kwamba atakayetoka katika mwaka huo hatakuwa wewe.

Nijibu kwa mwandiko wako. Niambie kitu ambacho ni wewe tu unayekijua.

Joyline


Sori,
Jumapili, 23 Machi 2025

Mtoto wa Mayaka,

Mimi sikusoma. Maneno ni yangu, mkono ni wa mjukuu wangu. Ameketi hapa karibu nami. Anaandika vizuri, hachoki.

Nimesomewa barua yako. Unaniita nguo. Unasema nirudishwe kwenye sanduku. Sijakasirika. Wewe ni mtoto mwenye adabu. Nilikuletea ngege ukala vizuri, na ukauliza kama mimi mwenyewe nimekula. Ni wachache wanaouliza.

Mzee anakula. Jana alitoka akaketi nje, akaota jua, akataja majina ya ng'ombe aliokuwa nao alipokuwa kijana. Mwanangu Jacktone analala usiku. Nikienda, nani atampa uji akaunywa?

Unamharakisha mwenzako aende Nairobi. Wewe mwenyewe huendi. Umeweka uuguzi mahali pa kwanza. Pa pili pia uuguzi. Pa tatu pia. Baba yako alisimama nyuma ya kiti chako. Kidole chako kilisimama juu ya kile kitufe, naye akakuwekea mkono begani, nawe ukabonyeza. Mlipotoka alikununulia soda nyekundu hukuimaliza. Kisha ukarudi nyumbani ukamwandikia mwenzako kwamba umejaza kama mlivyoapa.

Mbona unamtuma njia ambayo wewe umeiacha?

Mwache hapa. Hapa ana kazi, na anaipenda.

Nyar Gwassi,
kwa mkono wa Filister


Kehancha,
Jumatatu, 24 Machi 2025

Filister,

Ni kweli. Yote. Hata ile soda.

Nilijaza uuguzi mara tatu, katika kile chuo cha kanisa letu ambacho Baba amekitaka tangu nizaliwe. Niliogopa kukuambia. Nilidhani ukijua hutajaza ya kwako, nami nilitaka angalau mmoja wetu aende. Tulikuwa wawili tu kwenye kona ile ya saiba, mimi na Baba, na yeye hajui hata jina la ukoo wenu. Sijui Dani amejuaje. Nimeacha kujiuliza, kwa sababu nikijiuliza siwezi kushika kalamu.

Nilipomaliza kusoma nilichukua simu ya Mama nikapiga ya mama yako. Ilipokelewa na sauti ya bibi. Nilisalimia, nikaomba kuongea na Filister. Ikasema, "Filister hayuko." Nikauliza amekwenda wapi. Ikasema, "Alikuwa hapa. Sasa hayuko." Kisha nikasikia mama yako kwa nyuma, kwa sauti ndogo kabisa: "Lete simu, mwanangu. Lete, mama, nipe." Simu ikakatika.

Alikuwa anakuita wewe. Najua alikuwa anakuita wewe.

Nimetoka hapo nikaenda kwa Baba. Wateja walikuwepo, Mzee Ryoba na mwenzake wakinunua mbolea ya tumbaku, nami nikasema mbele yao ili nisirudi nyuma. "Baba, sitasoma uuguzi. Ninabadilisha leo." Mzee Ryoba akasema, "Ehe, Mayaka, leo una mkutano." Baba aliniuliza jambo moja tu: "Ukishamvaa mtu mwingine, unajua kumvua?"

Nikamwambia sijui, na kwamba hicho ndicho ninachotaka nikafundishwe, kwa sababu nimeona mtu aliyevaa bila kufundishwa.

Alifungua droo akanipa simu yangu. Saa sita nilikuwa saiba. Nimebadilisha. Nairobi, Kisumu, Bonde la Ufa, ualimu. Sasa sikudanganyi.

Ukurasa unaofuata si wako. Naomba Dani asomewe, na asomewe na mtu mzima.

---

Dani,

Ninakusalimu kwa heshima. Mimi ni Joyline, mtoto wa Mayaka.

Nilimdanganya mjukuu wako nawe ukanishika. Nimetubu kwa Baba na kwake, sasa natubu kwako. Kwa kuwa nimesema ukweli, naomba na mimi nisikilizwe.

Ulipozikwa, Filister alikuwa ameketi na karatasi ya mtihani. Hakuna aliyemngoja. Aliingia katika nguo zako kukutafuta, kwa sababu watu wazima walimaliza kukuaga bila yeye. Sasa amekupata. Muage, umwachilie.

Kuhusu Kwaro, sijui nani atampa uji. Lakini ana mtoto wa kiume, ana wakaza wana, ana boma zima. Msichana wa miaka kumi na minane hawezi kuwa na miaka sabini na tisa kila alasiri. Ataisha, Dani. Magoti yake yameanza.

Ulisema ana kazi anayoipenda. Aliipenda hata ulipokuwa hai, nawe ulipanda gari kutoka Sori mpaka Homa Bay kumtazama akiifanya. Ulikaa kiti cha mbele. Nilikuwa nyuma ya pazia, nilikuona. Ulipiga makofi wengine walipokuwa wameacha.

Ijumaa dirisha litafungwa.

Wako kwa heshima,
Joyline


Sori,
Jumamosi, 29 Machi 2025

Mpendwa Joyline,

Huu ni mwandiko wangu. Uliniomba kitu ambacho ni mimi tu ninayekijua: kidato cha pili ulimeza jino lako bandia ukamwambia matroni limeibiwa. Sasa pumua.

Ninakumbuka wiki hii vipande vipande. Mengine nimeelezwa na Mama.

Mama Risper alileta barua Jumanne. Baba hakutaka kusoma ule ukurasa wa pili. Alisema mtoto wa watu hawezi kutuingilia nyumbani. Mama, ambaye hajawahi kumpinga mbele yetu, alisema, "Soma, Jacktone. Soma yote." Nilikuwa nimeketi kwenye kile kiti kando ya mlango, nimevaa rinda, na Kwaro alikuwa kwenye kiti chake. Baba akasoma, akitafsiri kwa Dholuo. Alipofika pale uliposema siwezi kuwa na miaka sabini na tisa kila alasiri, alikwama. Akarudia kusoma hapo, akashindwa tena. Mama akamalizia.

Kwaro akageuza uso upande wangu, yale macho yake meupe, akasema, "Nyar Gwassi, mtoto wa watu amesema ukweli. Mwache msichana aende."

Nakumbuka hili vizuri. Nilisikia mdomo wangu ukiuliza, na nilikuwa nimesimama mbali nyuma yake, kama unavyosimama nyuma ya jukwaa zamu yako ikiwa haijafika: "Akienda, utanisikiaje?"

Kwaro akacheka. "Nilikuwa nakusikia kabla hajaja."

Mama aliinuka akanifungua kitambaa, akanivua rinda kwa juu mbele ya wote, kama mtoto anayeogeshwa, akanifunika shuka lake. Nikaanza kulia. Nililia Jumanne yote. Nililia mazishi yote, Joyline, tangu mwanzo mpaka mwisho, na safari hii walinisubiri. Kisha nikalala mpaka Alhamisi.

Nilipoamka, sanduku la bati lilikuwa halina kitu. Baba alikuwa ameita ukoo Jumatano, nguo zikagawiwa. Rinda la buluu limekwenda Gwassi kwa dada yake Dani. Nani alimpa Kwaro uji siku hizo mbili? Nilimuuliza Mama, naye alidhani ni shangazi, aliyekuja kwa ugawaji wa nguo. Shangazi alidhani ni Mama. Sahani zilikutwa tupu, zimeoshwa.

Jana Baba alinipeleka saiba kwa pikipiki yake. Namba ya mtihani niliikumbuka bila kuangalia bahasha. Nilipofika kwenye uchaguzi, Baba aliuliza kama nina hakika na hiyo ya Nairobi, maana ya Kisumu iko karibu. Nilimwambia nina hakika. Lakini orodha yetu nimeibadilisha kidogo, na nakuambia wazi. Nairobi kwanza, Bonde la Ufa pili, Kisumu tatu. Nimefikiri kwamba mwaka mzima wa historia si mbaya. Nataka kujua wengine waliotutangulia walifanyaje, na walirudije. Najua dirisha limefungwa, huwezi tena kubadilisha ya kwako. Usinikasirikie. Maombi yalipokelewa saa tisa na dakika kumi na mbili.

Rekodi nilifanyia nyuma ya saiba. Nilijaribu kwanza sauti ya Dani, kwa hofu, sentensi moja tu. Haikuja. Ilitoka sauti yangu, nyembamba, kama ya mtangazaji wa mazishi. Nilijaribu mara tatu. Basi nikamwigiza Mama Risper akigombana na mteja anayetaka kuongezwa omena: "Nikuongeze? Mimi ndimi niliyezaa ziwa?" Mwenye saiba alicheka mpaka simu aliyokuwa ameishika ikatikisika. Sijui kama itatosha. Ni dakika tano kamili na ni yangu.

Tulirudi kama saa kumi na moja. Baba alibaki barabarani akiongea na jirani. Mama alikuwa ziwani kununua samaki, na shangazi alikuwa amekwenda kwake tangu asubuhi. Jua lilikuwa bado linawaka. Nilikwenda kwenye nyumba ya Kwaro kumwambia kwamba nimeomba.

Nilikuwa hatua chache kutoka mlangoni niliposikia mazungumzo. Nilisimama.

Kwaro alisema, "Msichana amerudi."

"Nimesikia pikipiki. Amejaza fomu?" Ilikuwa sauti ya Dani.

"Sijamuuliza."

"Usimwite ndani sasa. Mwache apumzike."

Nilishika koo langu. Lilikuwa limetulia, Joyline. Midomo yangu ilikuwa imefungwa. Niliishika pia.

Sikuingia. Niliketi nje kwenye nyasi, nikawangoja wamalize kuongea.

Wako,
Filister